Kupiga hodi Texas

Mtu wa kwetu akifika Texas hutarajia kuona bunduki kila kona. Ameshatazama filamu, ameshasikia habari, na yuko shemeji aliyemtumia video za WhatsApp kabla hajapanda ndege. Basi wiki za mwanzo anatembea macho yakiwa viunoni mwa watu, na haoni kitu. Anakutana na wazee wenye kofia pana wanaomshikia mlango apite na kumsalimia kwa heshima. Bunduki anaisoma kabla hajaiona, na anaisomea milangoni.

Mlango wa kliniki, wa benki, wa duka la samani, wa kanisa: pembeni ya saa za kufungua na kufunga kuna bango la herufi kubwa, Kiingereza na Kihispania, linalotaja kifungu cha 30.06 au 30.07 cha sheria ya jinai ya jimbo. La kwanza linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola aliyoificha. La pili linamkataza kuingia nayo ikiwa inaonekana. Mwenye duka akibandika la pili peke yake, anachosema ni kwamba hataki kuiona bastola yako. Ukija nayo chini ya shati, hana neno. Sheria imepanga hadi urefu wa herufi, zisipungue inchi moja. Kwenye baa bango ni jingine, lina tarakimu nyekundu: 51%. Maana yake hapo zaidi ya nusu ya mapato hutokana na pombe inayonywewa papo hapo, kwa hiyo bastola ni marufuku. Mgahawa wa pili yake unaouza bia hiyo hiyo lakini nyama nyingi zaidi haumo kwenye katazo hilo. Yaani suala la nani aingie na bastola mahali penye ulevi linaishia kwenye daftari la mhasibu.

Mabango hayo yalinifundisha kuliko filamu. Kwetu hakuna duka lenye tangazo la kumkataza simba, kwa kuwa simba haji dukani. Hapa wanakataza kwa maandishi kwa sababu wanaokuja nazo wapo, kila siku, nao ni watu wa kawaida kabisa: fundi bomba, muuguzi, bibi anayenunua maua. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 hata leseni si lazima. Mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki bastola anaweza kutembea nayo hadharani Texas nzima, na akiificha vizuri hutajua kamwe.

Kuna takwimu moja ninayoiona inaeleza jambo hili kuliko maelezo mengi. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na takribani 93 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wenyewe si magaidi wala majambazi. Utetezi wao wa kawaida ni kwamba walisahau. Mkoba waliokwenda nao kazini jana ndio walioubeba safarini leo, na kitu kimo humo tangu wiki iliyopita. Nilipolisimulia hili nyumbani Morogoro, mjomba alikataa katakata. Kwake yeye mtu hawezi kusahau bastola. Nami ninamwelewa, maana kwetu anayetaka kumiliki silaha kihalali huanzia serikali ya mtaa na kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi polisi, na mtaa mzima utakuwa umeshajua kabla kibali hakijatoka. Kilichokusumbua hivyo huwezi kukisahau.

Sasa niweke hesabu sawa, nisije nikaonekana natia chumvi. Makadirio ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, yaliyotolewa mwaka 2018 yalisema raia wa Marekani wana bunduki milioni 393, yaani zaidi ya idadi ya watu wenyewe. Lakini uchunguzi wa mwaka 2023 wa Pew, taasisi inayochunguza maoni ya watu, ulionyesha kwamba ni watu wazima 32 tu kati ya 100 wanaosema wao binafsi wanamiliki. Wengi hawana hata moja, na walio nazo mara nyingi wana zaidi ya moja. Tena Marekani si moja. Mtanzania anayeishi Boston anaweza kumaliza shahada yake na kurudi bila kuiona silaha ambayo haiko kwenye kiuno cha polisi. Mimi niko kando ya Fort Worth, na ninayoyasema ni ya huku.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la michezo, na nilifuata viatu vya mpira vya mwanangu. Ukipita mipira, ukapita mahema, ukapita nyavu na ndoana za kuvulia, unafika kwenye kaunta ndefu ya vioo. Nyuma yake bunduki zimesimama ukutani kwa safu, na kila moja ina kikaratasi cha bei. Wateja wanashika, wanainua begani, wanafumba jicho moja, wanarudisha. Kijana wa kaunta alikuwa mpole na mvumilivu kuliko mhudumu yeyote niliyewahi kukutana naye katika duka la simu. Mnunuzi hujaza fomu ya serikali kuu, namba 4473, akiulizwa kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, kama anatumia dawa za kulevya, kama yumo nchini kihalali. Kisha jina lake linapelekwa kwenye mfumo wa uhakiki wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu, ulioanza kazi mwaka 1998, na mara nyingi jibu hurudi kabla hajamaliza kuangalia mikoba ya kubebea. Lakini raia akimuuzia raia mwenzake wa jimbo hilo hilo, Texas haidai uhakiki huo. Wanaweza kukutana kwenye maegesho, wakapeana pesa na kitu, wakaagana.

Na sisi wageni je? Hapa ndipo kundi la WhatsApp la nyumbani huwaka moto. Mwenye kadi ya kijani, mkazi wa kudumu, ananunua kama raia. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, isipokuwa yumo katika misamaha michache, na mmoja wa misamaha hiyo ni kuwa na kibali halali cha kuwinda. Kibali cha kuwinda! Mwanafunzi kutoka Tabora anaweza kukosa ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo, huku mlango wa bunduki ukiwa umeachwa wazi kidogo kwa ajili yake kwa jina la swala na bata mwitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Texas siku ya tatu anakualika kwenye uwanja wa shabaha. Aliyenialika mimi ni mzee tuliyekuwa tukifanya naye kazi ghalani zamu ya usiku, mtu wa kanisani, mwenye wajukuu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Kwake ulikuwa ni ukarimu, kama ambavyo mtu wa Bagamoyo angekupeleka kuvua. Uwanjani palikuwa na familia nzima nzima. Mabinti walikuwa na viziba masikio vya rangi ya waridi, baba mmoja alikuwa amebeba boksi la vinywaji baridi, na bibi mmoja, mwembamba kama ufito, alikuwa akitoboa karatasi yake palepale katikati bila haraka.

Kabla hajanipa chochote mzee alinisomesha. Kila bunduki ihesabu kwamba ina risasi, hata kama umeiangalia mwenyewe sasa hivi. Mtutu usiuelekeze kwenye kitu usichotaka kukiangamiza. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Ujue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Aliyarudia mambo haya manne kwa sauti ya mwalimu wa madrasa, na nilipogeuka kumuuliza swali bastola ikiwa mkononi, alinishika kifundo cha mkono kabla sijamaliza nusu ya mzunguko. Hakucheka. Sijawahi kuona watu wenye nidhamu kama wale mahali pa starehe.

Nilipiga. Sitasema uongo kwamba sikufurahia. Ile nguvu inayorudi kwenye mikono, halafu tundu dogo linatokea pale ulipokusudia, ni kitu kinachoingia mwilini bila kuomba ruhusa ya akili. Lakini kila aliyekuwa chumba cha pili akipiga, mabega yangu yaliruka, na yaliendelea kuruka hadi tulipotoka, wakati watoto wa miaka kumi hawakupepesa hata jicho. Nadhani tofauti kati yangu na wao iko hapo zaidi ya kwenye maoni.

Njiani kurudi mzee alinieleza kwa nini. Alikulia shambani, na simu ya dharura ikipigwa, gari la sherifu lingechukua nusu saa au zaidi kufika. Nguruwe mwitu, ambao Texas wapo kwa mamilioni, wanaweza kulilima shamba la mahindi usiku mmoja likabaki matuta. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba tangu mwaka 2011 jimbo linaruhusu watu kulipia nafasi ya kuwawinda wakiwa ndani ya helikopta. Hoja ya shamba haikunihitaji kushawishiwa. Babu yangu alilala vibandani akilinda mpunga, na jirani yake alikuwa na gobole ambalo kila mtu alijua lipo na hakuna aliyeliuliza. Bunduki ya mkulima ninaielewa. Kigugumizi kinanipata inapohamia mjini, kwenye mtaa wenye polisi, taa na kamera, ambako nguruwe pekee yuko kwenye friji.

Mzee alikuwa na jibu. Alinisomea kwa kichwa yale Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, sentensi moja fupi inayoanza na wanamgambo waliopangwa vizuri na kuishia na haki ya watu kubeba silaha. Wamarekani wamebishana kwa vizazi kuhusu uhusiano wa nusu hizo mbili. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na inahusu pia kujilinda nyumbani. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaitoa nje ya nyumba hadi barabarani. Kwa mzee yule mjadala umekwisha. Mimi nilimsikiliza nikimheshimu, kwa kuwa alikuwa akinieleza kitu anachokiamini kweli, na pia kwa kuwa alikuwa ndiye mwenye gari.

Ila kuna upande asioweza kunieleza, kwa sababu hajawahi kusimama hapo. Ni upande wa anayebisha hodi.

Nianze na polisi. Kwetu trafiki akikusimamisha, dereva muungwana hushuka. Unamfuata, unamwamkia afande, unauliza hali, mnaanza mazungumzo. Huku mwili ule ule wenye adabu unaweza kukuua. Kila mzazi wa Kiswahili ninayemfahamu hapa amemfundisha mwanawe utaratibu ule ule: baki kwenye gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote miwili juu ya usukani, usiguse kisanduku cha mbele bila kusema kwanza unachotafuta. Askari anakuja akidhani huenda unayo, na kudhani kwake kuna msingi, maana wengi wanayo. Kule Falcon Heights, Minnesota, tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile alimwambia askari kwa utulivu kwamba ana silaha, naye alikuwa na kibali chake. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia askari huru. Ninapowasikia vijana wetu wakisema watanunua bastola ili wajisikie salama, ndiye ninayemfikiria. Haki ile ya 1791 imeandikwa kwa kila mtu, lakini si kila mtu anaweza kuitamka kwa sauti dirishani mwa gari lake.

Kisha milango. Kwa kipindi fulani niliongeza kipato kwa kupeleka chakula majumbani jioni, kazi ambayo wabeba maboksi wengi wa hapa wameipitia. Kwetu mgeni husimama kando kidogo, anapaza sauti, hodi, hodi wenyewe, anangoja. Asipojibiwa anarudia, na mafundisho ya dini kwa watu wa pwani ni kwamba ukifikisha mara tatu bila jibu unarudi ulikotoka. Sauti inatangulia ili mwenye nyumba ajue ni nani kabla hajamwona. Texas usiku, mtu mweusi mwenye lafudhi ngeni akisimama kwenye kizingiti na kupaza sauti, anachotangulizia wenyeji ni hofu. Madereva wenzangu kutoka Kenya, Eritrea na Nijeria walinipa mafunzo ambayo hayamo kwenye programu ya simu. Hakikisha namba ya nyumba mara mbili. Usikatize kwenye majani. Usitumie geti la nyuma hata kama maelekezo yanasema hivyo. Weka mfuko, piga picha, bonyeza kengele, rudi nyuma hadi mahali taa inapokumulika, onyesha mikono, ondoka. Kuna nyumba zenye kibandiko mlangoni kinachotania kwamba hapa hatupigi simu ya polisi. Mwenye nyumba alikinunua akicheka. Mimi nakisoma nikiwa na pilau la mtu mkononi.

Hofu hii si ya kubuni. Tarehe 17 Oktoba 1992 kule Baton Rouge, Louisiana, kijana wa Kijapani aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, Yoshihiro Hattori, miaka 16, alikuwa akitafuta nyumba yenye sherehe ya Halloween pamoja na mtoto wa familia iliyompokea. Wakabonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe, mtaa ule ule. Mama wa nyumba akashtuka, akamwambia mumewe achukue bunduki. Mume akatoka na bastola, akamwamuru kijana asimame. Hattori aliendelea kusogea, pengine akidhani mchezo wa sherehe umeanza, na akapigwa risasi ya kifua. Mwaka 1993 baraza la mahakama lilimwona mwenye nyumba hana hatia ya jinai. Ni mahakama ya madai iliyomwamuru baadaye kulipa fidia. Japani nzima ilipigwa na butwaa. Wazazi wake walikusanya saini zaidi ya milioni moja za kutaka bunduki zidhibitiwe, wakazifikisha Marekani na kuonana na Rais Clinton mwezi Novemba 1993, mwezi ule ule aliosaini sheria ya Brady iliyoleta uhakiki wa wanunuzi. Uhakiki nilioueleza pale kwenye duka la viatu vya mpira umetokana na sheria hiyo.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, tarehe 13 Aprili 2023 mjini Kansas City, Missouri, Ralph Yarl, naye miaka 16, mtoto wa familia yenye asili ya Liberia, alitumwa kuwachukua wadogo zake. Akachanganya barabara mbili zenye namba moja, akabonyeza kengele, na mzee wa ndani akampiga risasi kupitia mlango wa kioo, kichwani na mkononi. Alipona. Siku mbili baadaye huko vijijini New York, Kaylin Gillis, binti wa miaka 20, aliuawa kwa sababu gari alilopanda liliingia kwenye njia ya nyumba isiyo yenyewe na lilikuwa tayari linageuza kuondoka. Aliyemuua alihukumiwa kwa kosa la mauaji, kwa hiyo si kweli kwamba mwenye nyumba hushinda siku zote. Lakini hukumu huja baadaye. Wakati wa kengele, mwenye kujua ni nani yuko nyuma ya mlango na ana nini mkononi ni mmoja tu. Adabu yote inadaiwa kwa anayebisha, na mgeni maisha yake yote ya mwanzo ni kubisha: anatafuta anwani, anauliza njia, anapotea.

Serikali nyingine zimeshaliona hili. Mwezi Agosti 2019, baada ya mauaji ya El Paso na Dayton kufuatana ndani ya saa chache, Uruguay na Venezuela ziliwatahadharisha raia wao wanaosafiri kwenda Marekani, na ubalozi mdogo wa Japani mjini Detroit ukawakumbusha Wajapani kwamba wako katika jamii ya bunduki. Nilikiri moyoni kwamba nilitabasamu kidogo. Nimekulia nchi ambayo kila mwaka husoma tahadhari za ubalozi wa Marekani kuhusu vibaka wa Dar es Salaam.

Majirani zangu wengi wanaozungumza Kiswahili ni Wakongo, watu wa Fizi, Uvira na Baraka, waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka kabla ya kuletwa huku. Hawa hawahitaji kufundishwa mlio wa risasi. Usiku wa tarehe 4 Julai, fataki zinapolia mtaani hadi saa saba, nimeona mama mtu mzima akiwakusanya watoto kwenye korido isiyo na madirisha, watoto wenyewe wakilalamika kwamba wanataka kwenda kuangalia. Mkesha wa mwaka mpya ni vibaya zaidi, maana katikati ya fataki wapo wanaopiga risasi za kweli hewani, jambo ambalo mjini ni kosa, na yeye anazitofautisha vizuri kuliko polisi. Aliniuliza swali ambalo bado sina jibu lake: “Kule kwetu ukisikia masasi, unajua ni ya nani, ya jeshi ao ya Mai-Mai. Huku ni ya nani?”

Mwanawe wa darasa la pili ndiye aliyemweleza mama kuhusu mazoezi ya shuleni. Mwalimu anafunga mlango, taa zinazimwa, watoto wanakaa kwenye pembe isiyoonekana kutoka dirishani, wananyamaza. Mtoto alisimulia kama anavyosimulia chakula cha mchana. Mazoezi haya yalienea baada ya mauaji ya shule ya Columbine, 1999, na siku hizi ni sehemu ya ratiba. Mama alidhani barua ya shule imetafsiriwa vibaya. Ilikuwa imetafsiriwa sawasawa. Haikuwa muda mrefu baada ya Uvalde, Texas hii hii, ambako tarehe 24 Mei 2022 watoto 19 na walimu wawili waliuawa darasani huku polisi wenye silaha wakingoja kwenye korido kwa zaidi ya saa nzima. Mzee wangu wa shabaha, ambaye siku zote huniambia dawa ya mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki, wiki ile hakusema kitu. Nami sikumchokoza.

Ili nimtendee haki, niseme pia ya White Settlement, mji mdogo uliopakana na Fort Worth. Tarehe 29 Desemba 2019 mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili, na ndani ya sekunde sita hivi mlinzi wa kujitolea wa kanisa akamwangusha kwa risasi moja. Yule mlinzi aliokoa watu, hilo halina ubishi. Kutoka hapo makanisa mengi ya huku yakajipanga, na mjadala ukafika hadi kwenye ushirika wetu wa Kiswahili. Je, wahudumu wa mlangoni wabebe? Vijana walitaka. Wazee waliotoka Kivu walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akasema yeye amekimbia kanisa lenye bunduki mara moja na hana miguu ya kukimbia la pili. Hoja ikaahirishwa. Mpaka leo imeahirishwa, na nina hisia kwamba kuna mtu au wawili waliokwisha kujiamulia wenyewe, ndani ya koti.

Nyumbani kwangu sijanunua, na sababu yangu haitokani na mauaji ya kwenye televisheni. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Kifo cha bunduki ambacho ulimwengu unakifikiria, cha mgeni mwenye silaha kwenye duka kubwa, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Sehemu kubwa iko vyumbani, kwa wanaume wa makamo na wazee, kwa bunduki waliyoinunua kuilinda nyumba. Kazini kwetu mmoja aliondoka hivyo. Alikuwa na wiki mbaya, si mwaka mbaya, wiki. Anayemeza vidonge mara nyingi huwahiwa hospitali, na wengi wanaookolewa hawarudii. Bunduki haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo. Nami najijua, nazijua zamu za usiku za mwezi Januari, giza linapoingia mapema na nyumbani hawajapokea simu. Sitaki kitu hicho kiwe kwenye droo yangu.

Kwa watoto, tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua walio kati ya mwaka mmoja na miaka 19 nchini humu, mbele ya ajali za magari. Daktari wa mwanangu huuliza kila tunapompeleka, kati ya swali la mboga za majani na swali la mkanda wa gari: kuna bunduki nyumbani, na kama ipo, imefungiwa? Mwanzoni mke wangu aliudhika, akaona ni upekuzi. Baadaye yeye ndiye aliyesema swali hilo tulihamishe, tuliulize sisi, kila mtoto anapoalikwa kucheza kwa watu.

Ni swali gumu kwa mtu aliyelelewa kwetu. Unakaribishwa kwa mtu, na kabla hujashukuru unamhoji amehifadhi nini chumbani! Nilijizoeza kwanza kwenye gari. Kisha nikampigia mama wa rafiki wa mwanangu, nikapitia salamu zote, hali ya hewa, mechi ya Jumamosi, na mwisho nikaliuliza, nikijiandaa kwa kimya. Alijibu papo hapo, sauti ile ile ya kawaida. Zipo nne, zote ziko kwenye sefu, risasi zimewekwa mbali, namba za kufungulia anazijua yeye na mumewe tu. Akanishukuru kwa kuuliza, akasema watu wengi huona aibu. Halafu akaniambia na yeye ana swali lake kabla hajamruhusu wake kuja kwetu: je, tunapikia karanga? Maana mtoto wake akizigusa tu, koo linafunga.

Tunapikia karanga karibu kila siku. Nikamwambia ukweli, na tukaanza kupanga.